Tippu Tip na Mali Iliyopita Ujiji

Kila mwaka, kabla ya kurasa za hesabu, tunaweka hapa maisha ya mtu aliyeacha alama kwetu. Safari hii ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Hatumweki kwa sifa. Aliuza pembe za ndovu na watu, na wapo miongoni mwetu wenye mababu waliofika Ujiji wakiwa na mzigo wa mwingine kichwani.

Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, baba yake akiwa mfanyabiashara wa Unyanyembe. Kijana huyo alipofika Ujiji na msafara, alikuta bei ya pembe imeshapanda na faida hakuna. Wakavuka ziwa kwenda Urua, ambako pembe zilikuwa rahisi. Hapo ndipo Kongo ilipomfungukia.

Wengi hudhani alianza na fedha zake. Hapana. Vitambaa, shanga, bunduki na baruti alivikopa Unguja kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mkubwa wao Taria Topan, kwa ahadi ya kulipa kwa pembe. Msafara wake ulioondoka 1870 ulirudi 1882. Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu tunajua maana ya kudaiwa miaka 12, huku bei ya bidhaa yako ikipangwa na wanunuzi wa ng'ambo usiowaona. Ndui, vita au mitumbwi kuzama, lolote kati ya hayo lingeweza kumfilisi. (Mpagazi na mtumwa, waliobeba hatari kubwa kuliko yeye, hawakuwa na mgawo wowote wa faida.)

Hatari hizo alizipunguza kwanza kwa bunduki. Mwaka 1867 alimshinda mtemi Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya ziwa, akabeba pembe alizozikuta huko. Baadaye alitumia ujanja. Kule Utetela alimweleza mtemi mzee kwamba yeye ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Mzee akaamini, akamwachia utemi, na pembe zikaanza kumjia kama ushuru. Hatujui mkopaji mwingine aliyepata dhamana kwa hadithi ya ukoo.

Mwaka 1887 Stanley alimshawishi kumtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, awe gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa mtu wa mali zake zilikuwa fedha za chai. Alichotarajia ni usalama wa biashara. Mwaka 1889 Stanley huyohuyo alimfungulia shauri Unguja la pauni 10,000, akidai hakutimiza ahadi ya wapagazi, na fedha zake zilizokuwa kwa Topan zikazuiwa. Shauri lilififia. Lakini 1892 vita vilizuka Kongo kati ya watu wake na serikali ya Leopold. Mwanawe Sefu aliuawa 1893, na alichokijenga huko kikapotea. Kisha Rumaliza, mshirika wake wa hapa Ujiji, naye akamshitaki juu ya hesabu za ushirika wao.

Hakufa maskini. Alipofariki Unguja mwaka 1905 alikuwa na mashamba, na nyumba yake ya Shangani ipo hadi leo.

Ujiji je? Tulibaki na miembe, na watu wa Manyema waliogeuka ndugu zetu. Reli ilipofika ziwani 1914 ilikwenda Kigoma, na soko likahamia huko. Katika utajiri wote ule uliokatiza hapa, wa kuujengea hata shule moja haukubaki.

Leo mizigo ya Kongo na Burundi inapita tena bandari ya Kigoma. Kamati imeamua michango ya mwaka huu iwasomeshe vijana wetu uwakala wa forodha, utunzaji wa maghala na ufundi wa injini za boti. Fomu ya ahadi imeambatishwa nyuma, na hesabu zilizokaguliwa za mwaka jana zinaanza ukurasa unaofuata.