Kisa cha Koitalel hakikuishia kwenye risasi

Tangu George Floyd alipouawa na polisi mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, wanafunzi hapa Cheptiret hawajachoka kuniuliza ni kwa nini Wamarekani weusi wangali wanadhulumiwa, ilhali utumwa ulikomeshwa nchini mwao mwaka 1865. Swali hilo ni jema. Lakini mimi huwaomba kwanza wageukie nchi ya Nandi, isiyo mbali nasi, wayatazame maisha ya Koitalel arap Samoei. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Dhuluma ya rangi nayo iliundwa, huko Marekani na hapa kwetu.

Koitalel alikuwa mwana wa Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wa mambo ya imani ambaye mashujaa hawakwenda vitani bila baraka zake. Wazee husimulia kwamba Kimnyole alitabiri ujio wa wageni pamoja na nyoka wa chuma atemaye moshi. Mwaka 1890 watu wake wenyewe walimuua, wakimlaumu kwa misiba iliyowapata. Wanawe wakashindania cheo hicho. Kipchomber akashindwa, akakimbilia kwa Wakipsigis, naye Koitalel akashika usukani.

Kuanzia 1895 hadi 1905 Wanandi walipigana na Waingereza. Reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, walikata nyaya za simu wakajitengenezea mapambo, wakang'oa vyuma vya reli wakafua silaha. Majeshi yaliletwa mara kadhaa yasifue dafu. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Akaenda, na papo hapo Kapteni Richard Meinertzhagen akamuua kwa risasi pamoja na baadhi ya wenziwe. Afisa huyo alichunguzwa mara tatu, akaondolewa lawama, kisha akahamishwa kutoka nchini.

Katika madarasa mengi hadithi hufungwa hapo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo inapoanza. Bunduki ilifungua njia, kalamu ikafuata. Wanandi waliokaa karibu na reli walihamishwa, wakafungiwa katika eneo walilotengewa. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini waliingia nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Mwaka uo huo ikatungwa sheria ya kipande, ambayo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na kipande shingoni. Mwaka 1939 amri kutoka Uingereza ikathibitisha kwamba Nyanda za Juu ni za Wazungu. Hata mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, hakusalimika: alitiwa kizuizini mwaka 1923, akaachiliwa mwaka 1964, Kenya ikiwa imekwisha kuwa huru.

Huko Marekani kalamu ilifanya kazi iyo hiyo. Baada ya utumwa, majimbo ya kusini yalitunga sheria za kuwatenga weusi na kuwanyima kura. Katika miaka ya 1930 ramani za serikali zilitia mitaa yao rangi nyekundu, na mikopo ya nyumba ikawa adimu kwao. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipiga marufuku ubaguzi, lakini haikumpa nyumba mjukuu wa aliyenyimwa. Kwetu vivyo hivyo: uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mashamba ya walowezi yaliuzwa, na ambaye babu yake alinyang'anywa akaambiwa anunue. Mwenye fedha akapata, asiyekuwa nazo akabaki akitazama. Machafuko yaliyoikumba Uasin Gishu mwaka 1992, na tena mwaka 2007 na 2008, yalikuwa na sababu nyingi, ardhi ikiwamo. Maskini walichomewa nyumba na maskini wenzao, ilhali waliokuwa wameigawa ardhi hiyo kwa kalamu walikwisha kwenda zao zamani.

Fimbo za Koitalel zilirejeshwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Ni jambo la heshima, ila fimbo si shamba. Nawasihi walimu wenzangu: mnapofundisha kisa cha shujaa huyu, msikomee 1905. Mwambieni mwanafunzi akaulize nyumbani ardhi ya kijiji chao ilikuwa mikononi mwa nani mwaka 1900, mwaka 1920 na mwaka 1970, na ni sheria gani iliyoihamisha. Akijua jinsi dhuluma ilivyoundwa hapa, ataielewa ile ya Minneapolis. Wala hatamdhania jirani yake wa kabila jingine kuwa ndiye aliyeiunda.