RDC-Afya: Mayinga N'Seka, muuguzi wa Kinshasa ambaye jina lake limebaki ndani ya chanjo ya Ebola

Mwezi wa kumi na moja 2019, wakaaji wa Goma, kwenye eneo la afya la Karisimbi, walipanga mstari ili kudungwa chanjo mpya dhidi ya Ebola. Watu zaidi ya 20.000 walipata dozi ya kwanza ya chanjo hiyo, ile ya kampuni Johnson & Johnson. Wakati ule wengi walijiuliza imetoka wapi na kwa nini inaletwa kwao. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba sehemu ya virusi iliyotumiwa kuitengeneza ina jina la Kikongo. Wataalamu wanaiita Mayinga.

Mayinga si jina la mto wala la kijiji. Ni jina la muuguzi kijana wa Kinshasa, Mayinga N'Seka, aliyekufa mwezi wa kumi 1976 baada ya kumuuguza mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulikuwa haujapewa jina bado.

Hakuwa mgonjwa wa kwanza

Kwanza kuna kosa la kurekebisha. Mara nyingi imeandikwa kwamba Mayinga ndiye mtu wa kwanza kuugua Ebola. Si kweli. Katika ripoti ya tume ya kimataifa iliyochunguza mlipuko wa 1976, mgonjwa wa kwanza kujulikana ni Mabalo Lokela, mwalimu mkuu wa shule ya misheni ya Yambuku, upande wa Bumba, ambao leo ni jimbo la Mongala. Tarehe 26 mwezi wa nane 1976 alifika kwenye hospitali ya misheni akiwa na homa. Walifikiri ni malaria, wakamdunga klorokini. Alikufa tarehe 8 mwezi wa tisa.

Hospitali ya Yambuku ilikuwa na vitanda 120, lakini haikuwa na muganga hata mmoja. Iliendeshwa na masista kutoka Ubelgiji pamoja na wauguzi Wakongomani. Kila asubuhi waligawiwa sindano tano tu kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku ile. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sindano ilisuuzwa katika maji ya moto kidogo, kisha inatumiwa tena. Ndivyo ugonjwa ulivyoenea: mama mwenye mimba alikuja kudungwa dawa ya nguvu, akarudi nyumbani na kifo. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Mwisho wa mwezi wa tisa hospitali ilifunga milango, maana hapakuwa tena na watu wa kutosha wa kuifanya itembee.

Mgonjwa anayeletwa Kinshasa

Habari zilipofika mji mkuu, serikali ya Zaire ilituma watu kwenda kuona. Mmoja wao alikuwa muganga kijana, Jean-Jacques Muyembe, yule ambaye wakaaji wa Beni na Butembo walimjua miaka zaidi ya 40 baadaye akiongoza kazi ya kupambana na Ebola. Huko Yambuku alichukua damu ya wagonjwa bila glovu. Alikuwa akifikiria homa ya matumbo au homa ya manjano.

Tarehe 25 mwezi wa tisa, sista mmoja wa Yambuku, Myriam, ambaye tayari alikuwa anaugua, alisafirishwa kwa ndege hadi Kinshasa pamoja na sista mwenzake, Edmonda, na padri mmoja. Wakampeleka kwenye hospitali ya Ngaliema, katika mtaa wa Gombe. Hapo ndipo Mayinga alipokuwa akifanya kazi.

Alikuwa na miaka kama 22. Katika ripoti za wakati ule anatajwa kuwa mwanafunzi wa uuguzi. Nani hajui kazi ya muuguzi kando ya mgonjwa wa namna hiyo? Kumgeuza kitandani, kumpanguza jasho, kubadilisha mashuka yenye damu na matapishi, kushika mkono wake wakati sindano inatafuta mshipa. Muganga anapita na kwenda, muuguzi anabaki. Na katika siku zile tano hakuna aliyejua kwamba kila tone la damu lilikuwa hatari. Sista Myriam alikufa tarehe 30 mwezi wa tisa.

Damu yake ilikuwa imeshawekwa ndani ya termosi na kupelekwa Ubelgiji kwa ndege ya abiria. Katika maabara ya Antwerp, Peter Piot, wakati ule kijana wa miaka 27, pamoja na wenzake walifungua termosi hiyo na kukuta chupa moja imevunjika. Ile iliyobaki ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba ulimwengu ulikuwa mbele ya virusi vipya.

Kinshasa mambo hayakuishia hapo. Sista Edmonda naye aliugua, akafa tarehe 14 mwezi wa kumi. Siku mbili kabla ya kifo chake, Mayinga alianza kusikia homa.

Siku mbili mjini

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo iliyosimuliwa zaidi, na mara nyingine kwa kumlaumu. Mayinga alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Karatasi za safari zilikuwa zinashughulikiwa. Inasimuliwa kwamba homa ilipoanza hakwenda kujitangaza. Alipanda teksi, akaenda kwenye ofisi za serikali kufuata karatasi zake, akapita pia kwenye hospitali kubwa ya Mama Yemo na kwenye hospitali ya chuo kikuu kabla ya kulazwa Ngaliema, mahali pake pa kazi.

Ni rahisi kumhukumu leo. Lakini tufikiri kidogo. Ni msichana wa miaka 22, mlango wa maisha yake umefunguka, na homa ni kitu ambacho kila mkaaji wa Kinshasa anakijua: malaria, uchovu, kesho itapita. Kusema kwamba anaugua kulimaanisha kufungiwa, na pengine kupoteza safari yote. Kwa upande mwingine alikuwa amemwona Sista Myriam akifa. Kati ya woga na tumaini, alishika tumaini kwa siku mbili.

Habari hiyo ilipojulikana, hofu iliingia mjini. Kinshasa ilikuwa tayari na wakaaji wengi sana, na muuguzi mwenye ugonjwa usio na dawa alikuwa amepita kati yao. Watu waliokuwa karibu naye walitafutwa, wakawekwa karantini. Eneo la Bumba lilikuwa limeshafungwa. Wataalamu wa Marekani, Ufaransa, Ubelgiji na Afrika Kusini walifika mmoja baada ya mwingine na kuungana na waganga wa Zaire katika tume moja.

Kutoka Afrika Kusini alikuja muganga Margaretha Isaäcson. Mwaka mmoja kabla, mjini Johannesburg, waganga walikuwa wamekutana na virusi vya Marburg, na watu wawili walipona, mmoja wao akiwa muuguzi. Isaäcson alileta plasma, yaani maji ya damu ya watu waliopona Marburg, kwa tumaini kwamba kinga iliyokuwa ndani yake ingeweza kumsaidia Mayinga. Lakini maabara zilikuwa zinaanza kuthibitisha kwamba ugonjwa huu haukuwa Marburg. Alipewa kinga ya ugonjwa mwingine, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwepo duniani.

Haikutosha. Mayinga N'Seka alikufa karibu wiki moja baada ya homa kuanza.

Kile ambacho kifo chake kilifundisha

Waganga walingoja. Siku zilihesabiwa moja moja kwa wale wote waliokuwa karibu naye. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Dereva wa teksi, watu wa ofisini, wagonjwa waliokaa naye kwenye foleni za hospitali: Kinshasa haikupata mlipuko iliouogopa.

Kwa njia hiyo, zile siku mbili alizolaumiwa nazo zilitoa moja ya masomo ya kwanza makubwa juu ya Ebola. Virusi hivi havirukii watu hewani kama mafua. Vinapitia kwenye damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili, na hatari inazidi mgonjwa anapozidiwa. Ndiyo sababu wanaoambukizwa zaidi ni wale wanaomgusa mgonjwa: mama, dada, mtu anayeosha maiti, na muuguzi. Somo hilo ndilo lililorudiwa kwenye redio za Beni, Butembo na Goma kati ya 2018 na 2020.

Mlipuko wa 1976 uliisha mwezi wa kumi na moja. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Tume ilichagua kuuita ugonjwa huo kwa jina la mto Ebola, unaopita mbali kidogo na Yambuku, ili wakaaji wa misheni ile wasibebe aibu hiyo milele. Yambuku ilihurumiwa. Jina la Mayinga lilibaki. Virusi vilivyopatikana katika damu yake vilihifadhiwa, vikagawanywa kwenye maabara kubwa za dunia, na hadi leo vinatumiwa kama kipimo cha kulinganisha virusi vingine vya Ebola. Mtu anaweza kulisoma jina hilo kwenye karatasi za utafiti miaka mingi bila kujua kwamba lilikuwa la msichana aliyekuwa na safari mbele yake.

Kutoka Ngaliema hadi Beni

Ile njia iliyojaribiwa kando ya kitanda chake, ya kutumia kinga ya waliopona, haikutupwa. Mwaka 1995, wakati wa mlipuko wa Kikwit, Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona Ebola yenyewe. Saba walipona. Wengi walikuwa na shaka juu ya matokeo hayo, maana wagonjwa walikuwa wachache. Lakini kutokana na damu ya mtu mwingine aliyepona Kikwit, watafiti wa INRB na wa Marekani walitoa dawa ya mAb114. Dawa hiyo ilijaribiwa hapa mashariki, kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwezi wa nane 2019 ikatangazwa kuwa moja kati ya mbili zilizookoa watu zaidi.

Mlipuko huo wa mashariki uliondoka na watu 2.287. Watumishi wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa. Wengine walishambuliwa na watu wenye silaha, na mwezi wa nne 2019 muganga Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Tofauti na Mayinga, hawa walijua jina la ugonjwa. Walikuwa na glovu, kanzu za kinga na chanjo. Hata hivyo, palikuwa na wauguzi walioamka na homa na kujiuliza swali lile lile la mwaka 1976: niseme, au ningoje kesho?

Jibu la swali hilo halimtegemei muuguzi peke yake. Linategemea kama akisema atatunzwa, kama mshahara wake utaendelea akiwa amefungiwa, kama jamaa yake haitanyooshewa kidole mtaani. Pale muuguzi anapokuwa na uhakika wa mambo hayo, atasema mapema, na wagonjwa wake pia watapona. Mayinga hakuwa na uhakika wowote.

Kituo kingi cha afya cha kijijini leo bado kinahesabu glovu zake asubuhi, kama Yambuku ilivyohesabu sindano.