John Rock, mganga Mkatoliki aliyesaidia kuleta kidonge cha kupanga uzazi

Kila asubuhi, saa moja kamili, Daktari John Rock alikuwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Maria mjini Brookline, karibu na Boston, nchini Marekani. Misa ikiisha alielekea hospitali. Ukutani, juu ya meza yake ya kazi, alitundika msalaba. Hakuna aliyemwona kuwa adui wa Kanisa, na yeye hakujiona hivyo.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1890 huko Marlborough, jimbo la Massachusetts. Akiwa kijana, padiri mmoja wa mji wao alimwomba afuate dhamiri yake siku zote na asiiachie mtu mwingine kazi ya kuilinda. Maneno hayo aliyabeba maisha yote. Alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1918, akawa mtaalamu wa wanawake wanaotafuta mtoto bila kumpata.

Mgongano wa kwanza ulikuja mwaka 1925, alipokaribia kufunga ndoa. Aliungama kwamba amezalisha mwanamke kwa operesheni, na padiri akakataa kumwondolea dhambi. Kardinali O'Connell wa Boston ndiye aliyemwondolea, kisha akawafungisha ndoa yeye mwenyewe.

Katika hospitali Rock alipokea pia wanamama waliochoka kwa mimba zisizokwisha, wengine wakiwa wamebomoka kizazi. Sheria ya Massachusetts ilimkataza mganga kutoa njia yoyote ya kuzuia mimba. Mwishoni mwa 1930 Papa Pius wa 11 alizikataza njia hizo kwa waamini wote. Mwaka uliofuata waganga walipoandika ombi la kufuta sheria ya jimbo, Rock alikuwa Mkatoliki pekee aliyetia sahihi. Mwaka 1936 alifungua kliniki ya kuwafundisha wanawake kuhesabu siku za mzunguko, jambo ambalo Roma ililikubali waziwazi baadaye tu, mwaka 1951.

(Tusiwacheke Wamarekani. Hapa Congo sheria ya enzi ya Wabelgiji dhidi ya njia za kuzuia mimba ilibaki vitabuni hadi sheria ya afya ya umma ya mwaka 2018.)

Miaka ya 1950 alishirikiana na mtafiti Gregory Pincus. Mwaka 1954 Rock aliwapa wanawake 50 dawa yenye homoni, na mayai yao hayakupevuka. Kwa kuwa sheria ya Massachusetts iliwafunga mikono, mwaka 1956 majaribio makubwa yalihamishiwa Puerto Rico. Hapo jina lake haliwezi kusafishwa kirahisi. Vidonge vilikuwa vikali mno, wanawake walilalamika kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na wengi hawakuelezwa kwamba wanajaribiwa dawa. Serikali ya Marekani iliruhusu kidonge kitumike kwa kuzuia mimba mwaka 1960.

Kwa Rock hapakuwa na dhambi. Homoni ile mwili wa mwanamke huitoa wenyewe katika siku ambazo hawezi kushika mimba. Kidonge kilirefusha tu siku hizo, basi kwa nini kuhesabu kwenye kalenda kuruhusiwe na kumeza kidonge kukatazwe? Ndiyo hoja ya kitabu alichotoa mwaka 1963. Wakatoliki wengine walidai atengwe na Kanisa, wengine walimwandikia barua za kumshukuru.

Kwa muda ilionekana atashinda. Tume iliyoundwa Roma kuchunguza suala hilo, kwa wingi wa wajumbe wake, ilipendekeza mwaka 1966 mafundisho yabadilishwe. Papa Paulo wa 6 hakukubali. Tarehe 25 Julai 1968 alitia sahihi waraka uliokataza kidonge pamoja na njia nyingine zote zisizo za kuhesabu siku. Rock alikuwa na miaka 78.

Mtu aliyesali Misa kila siku tangu utotoni akaacha kwenda kanisani. Alihamia Temple, kijiji cha New Hampshire, na mwaka 1983 alimwambia mwandishi wa habari kwamba haamini tena uzima wa baada ya kifo. Alifariki tarehe 4 Desemba 1984, akiwa na umri wa miaka 94.