Nusaiba bint Kaab (r.a.): Muuguzi Aliyeuguzwa

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumeona tumtaje bibi mmoja wa Madina ambaye wengi wetu tunamjua kwa upanga wake, ilhali siku ya Uhud alitoka nyumbani akiwa na kiriba cha maji na vitambaa vya kufungia majeraha. Huyo ni Nusaiba bint Kaab (r.a.), maarufu kwa jina la Ummu Umara, wa ukoo wa Bani Najjar katika Khazraj. Alikuwa mmoja wa wanawake wawili waliohudhuria Bayaa ya pili ya Akaba, mwaka 622, pamoja na wanaume zaidi ya 70.

Uhud ilikuwa mwaka wa 3 Hijria (625). Vita vilipowageukia Waislamu na watu wakatawanyika, aliacha kunywesha maji akasimama kumkinga Mtume (s.a.w.). Mwanawe Abdullah alipojeruhiwa mkono na damu isikatike, mama alimwendea na vitambaa alivyovifunga kiunoni, akamfunga, kisha akamtaka ainuke. Yeye mwenyewe alipata majeraha 12 hivi. Baya zaidi lilikuwa la begani, alilopigwa na Ibn Qamia. Lilikuwa na shimo, akalitibu mwaka mzima.

Ulipotolewa mwito wa kuwafuata maadui hadi Hamraul Asad, Nusaiba alijifunga nguo zake ili atoke, lakini damu ikamshinda. Wanawake wakakesha wakiyakanda majeraha hadi asubuhi. Neno la Kiarabu walilolitumia wapokezi ni lile la kukanda kwa kitambaa chenye joto. Naye Mtume (s.a.w.) aliporejea hakufika nyumbani kwake kabla ya kumtuma Abdullah bin Kaab kwenda kumjulia hali, akafurahi kuambiwa kuwa yu salama.

Tunalitua hapa kwa sababu. Huku kwetu Mara, tangu Musoma hadi Bunda na Butiama, dawa ya kwanza anayopewa mwanamke mwenye maumivu ni kuambiwa ajikaze. Aliyeshikwa na uchungu wa uzazi hutakiwa anyamaze asiuaibishe ukoo. Aliyefanyiwa upasuaji huitwa mdekaji. Na baadhi ya wanaume huyapamba hayo kwa jina la subira. Sisi hatuoni hivyo. Bibi Maryamu, kama inavyosimuliwa katika sura yenye jina lake, alipobanwa na uchungu chini ya mtende alitamani lau angekuwa amekwisha kufa. Hakukemewa. Aliliwazwa, akapewa maji na tende mbivu. Subira ni ya mgonjwa na Mola wake. Kumpunguzia maumivu ni juu yetu tulio karibu naye.

Muuguzi mwema wa leo humuuliza mwanamke anaumwa wapi na kwa kiasi gani, akaliamini jibu lake, akambadilisha mlalo, akamsugua mgongo, na akampa dawa kwa wakati wake bila kungoja mpaka alie. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilitaja kusugua na kukanda kwa joto miongoni mwa njia za kumtuliza mjamzito mwenye uchungu anayeomba nafuu, na likataka awe na mtu amtakaye kando yake. (Kukanda tunakokusema si kule kwa maji yanayochemka, kunakomwacha mzazi na malengelenge.)

Tumrudie Nusaiba. Mwanawe Habib aliuawa na Musailima, mwongo aliyedai utume. Katika ukhalifa wa Abubakari (r.a.) mama huyu alikwenda Yamama, akakatwa mkono na kupata majeraha 11 mengine. Vita vilipokwisha, Khalid bin Walid (r.a.) alimletea tabibu aliyemtibu kwa mafuta yaliyochemshwa. Nusaiba hakuficha: alieleza kuwa tiba ile ilimuuma kuliko kukatwa kwenyewe, na hakuna aliyemwona dhaifu kwa kusema hivyo. Khalid aliendelea kumtazama mara kwa mara, na huko Madina Abubakari, naye ni Khalifa, alikuwa akimwendea kumuuliza hali yake.