Dakta Richard Hindorf na Miche 62 ya Mkonge

Msafiri atokaye Voi kuelekea Taveta, akishafika Mwatate, hulakiwa na mkonge. Safu za mmea huo wenye majani mithili ya panga hutanda pande zote hadi macho yachoke. Mashamba ya Mwatate ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge duniani. Mbele zaidi, huko Taveta kwenyewe, juu ya kilima cha Girigan, lingali jumba alilolijenga Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza ambaye jina lake hutajwa kila mkonge wa Taveta utajwapo. Hata hivyo, Grogan hakuuleta mkonge Afrika Mashariki. Aliukuta. Aliyeuleta alikuwa msomi, na alichoanza nacho hakikuwa shamba bali chapisho la kitaaluma alilolisoma kwa makini.

Richard Hindorf alizaliwa Ujerumani mwaka 1863. Alikulia katika kipindi ambacho vyuo vikuu vya nchi hiyo vilikuwa vimekipandisha kilimo kutoka kazi ya mazoea hadi daraja ya sayansi. Udongo ulipimwa katika maabara, mbegu zilijaribiwa na matokeo yakachapishwa. Hindorf alihitimu shahada ya udaktari katika taaluma hiyo, kisha akaajiriwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilikuwa na ardhi nyingi na faida ndogo.

Hali ya kampuni hiyo ilikuwa ngumu. Mnamo 1888 na 1889 wenyeji wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walikuwa wameipinga kwa silaha. Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889 na utawala ukashikwa na serikali ya Ujerumani yenyewe. Kampuni ikabaki na biashara na mashamba. Ilijaribu tumbaku, ikajaribu pamba, ikapanda kahawa katika milima ya Usambara. Matumaini yalikuwa makubwa kuliko mavuno. Kilichohitajika ni zao litakalostahimili ukame na udongo duni wa nyanda kavu za pwani.

Jibu Hindorf alilipata katika taarifa ya Bustani ya Kew iliyoko London, iliyoeleza mmea wa nyuzi wa rasi ya Yucatan, Meksiko. Mmea huo ulijulikana Ulaya kwa jina la bandari ya Sisal, ambako nyuzi zake zilipakiwa melini. Taarifa hiyo haikuwa siri. Ilisomwa na wataalamu wengi wa mimea, na wengi wao waliishia kuisoma. Hindorf aliilinganisha hali ya hewa ya Yucatan na ile ya Pangani, akaona kwamba linalowezekana kule huenda likawezekana huku.

Kikwazo kilikuwa mbegu. Meksiko iliyalinda mazao yake, wala haikuwa tayari kuuza miche kwa washindani. Lakini mmea huo ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka. Katika miaka ya 1830, Henry Perrine, balozi mdogo wa Marekani huko Campeche, alikuwa ameupeleka Florida kwa nia ya kuanzisha kilimo kipya. Perrine aliuawa mwaka 1840 katika vita vya Waseminole kabla ndoto yake haijatimia, na mkonge ukabaki ukiota ovyo Florida bila ya mtu kuujali.

Huko ndiko Hindorf alikoagiza miche 1,000. Ilisafirishwa kupitia Hamburg hadi Tanga, na mwaka 1893, baada ya safari hiyo ndefu, ilinusurika 62 tu. Simulizi za watu zimelipamba tukio hili. Wapo wasimuliao kwamba miche ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, ikatoroshwa kutoka Meksiko. Hadithi hiyo ni tamu, lakini ukweli wa miche 62 iliyosalia kati ya 1,000 unastaajabisha kuliko mamba yule.

Miche hiyo ilipandwa Kikogwe, kusini ya mto Pangani. Wenyeji hawakulazimika kuitafutia jina jipya. Waswahili walikuwa na neno mkonge tangu zamani, wakiliita hivyo gugu la porini ambalo nyuzi zake zilisokotwa kamba. Mgeni alipofika alirithi jina la mwenyeji. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, neno hilo ni ushahidi kwamba elimu ya nyuzi ilikuwapo Afrika Mashariki kabla ya Hindorf. Kilichokosekana ni kiwanda na soko.

Mkonge haumpi mkulima mavuno upesi. Huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa majani ya kwanza, na mmea mmoja huishi miaka kadhaa, hutoa mlingoti wa maua mara moja tu, kisha hufa. Kabla ya kufa huacha vichipukizi vingi juu ya mlingoti huo. Kwa njia hiyo miche 62 ilizaa mingine, na kufikia mwaka 1898 mimea ilizidi 60,000. Hata hivyo, mimea peke yake haikuwa biashara. Katika uzito wa jani la mkonge, singa ni takriban asilimia 4 pekee, na yaliyobaki ni maji na nyama ya jani. Kulikwangua jani kwa mkono kusingelipa. Ilibidi ziwepo mashine, ile ambayo wafanyakazi wa mashamba waliizoea kwa jina la korona, pamoja na maji ya kuoshea, reli ya kusafirishia na mtaji wa kungojea miaka bila mapato. Kampuni ilivitoa vyote hivyo kwa kuwa utafiti ulikuwa umekwisha kuonyesha njia. Mnamo 1913 koloni hilo liliuza nje tani zipatazo 20,000 za mkonge, nao ukawa zao la kwanza kwa thamani.

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa pili. Ardhi ya mashamba ilikuwa na wenyewe kabla ya kampuni kuja. Kazi ya kukata majani yenye miiba juani ilifanywa na Waafrika kwa ujira mdogo, na baadaye, chini ya Waingereza, walioandikwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa nambari. Hindorf hakuuanzisha ukoloni, lakini elimu yake ilifanya kazi ndani yake, na faida ilifuata njia za ukoloni.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliufikisha mkasa huu Taveta. Wajerumani waliuteka mji huo mwaka 1914, na Februari 1916 mapigano makali yalitokea katika kilima cha Salaita. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kwa ajili ya jeshi. Vita vilipokwisha, mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa na kuuzwa, na reli ya vita ikawa ya kusafirishia mazao. Hapo ndipo walowezi kama Grogan walipostawi kwa mkonge huko Taveta, ilhali wenyeji wengi waligeuka maskwota katika ardhi ya babu zao. Tatizo hilo la ardhi halikumalizwa na uhuru wa mwaka 1963.

Hindorf hakuiacha kalamu. Alikuwa amekwisha kuandika juu ya kilimo cha Afrika Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, na mwaka 1925 alichapisha kitabu kuhusu kilimo cha mkonge katika koloni ambalo nchi yake ilikuwa imelipoteza. Alifariki mwaka 1954, wakati Tanganyika ikiongoza duniani kwa zao alilolileta.

Baada yake, nyuzi za viwandani ziliuangusha mkonge sokoni. Kilichobaki kikiutia nguvu ni kile kile kilichouanzisha, yaani utafiti. Kituo cha Mlingano, karibu na Tanga, kilitoa aina chotara nambari 11648 yenye majani mengi zaidi. Mwaka 2008, huko Hale, mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa yalianza kuzalisha umeme, jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamelishughulikia katika maabara zao. Na Voi, katika njia ile ile ya reli ya vita, tangu mwaka 2016 kipo Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilicho kamili.

Maisha ya Hindorf yanakiachia chuo cha namna hiyo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba tasnifu iliyohifadhiwa kabatini ni sawa na mche uliokaukia njiani, sharti apatikane wa kuupanda na kuungojea. La pili, ambalo Taveta yalijua kuliko Berlin, ni kwamba kabla ya kuhesabu tani za mavuno yafaa kuuliza shamba ni la nani.