Liebig: Aliacha shule, akaja kuwafungulia wanafunzi maabara

Kama ulisoma Kemia mpaka Kidato cha Nne, hii unaijua. Umesimama maabarani siku ya mtihani, mbele yako kuna unga mweupe uliopewa herufi moja tu, tuseme E, na kazi yako ni kugundua ni nini. Unauyeyusha, unadondoshea hiki na kile, unangoja rangi ibadilike. Kando yako kuna ile flaski ya umbo la koni. Sasa, vitu hivyo viwili vinatupeleka kwa jamaa mmoja wa Ujerumani, Justus von Liebig.

Alizaliwa mjini Darmstadt mwaka wa 1803. Babake alikuwa na duka la rangi na dawa za viwandani, na nyuma ya duka kulikuwa na karakana ya kuzichanganya. Huko ndiko mtoto alikolelewa. Siku za soko alikuwa akiwatazama wachuuzi wakitengeneza vidude vya kulipuka, kisha anarudi nyumbani kujaribu mwenyewe. Vitabu vya kemia vya maktaba ya mtawala wa mji alivisoma karibu vyote.

Darasani? Huko alikuwa mkia. Masomo ya wakati ule yalikuwa Kilatini, Kigiriki na kukariri, na hakuna kilichomwingia kichwani. Alipoulizwa anataka kuwa nani akasema mwanakemia, mwalimu na darasa zima wakaangua kicheko. Kwani hiyo nayo ni kazi? Akaacha shule akiwa na miaka 14 hivi, akapelekwa kujifunza kazi kwa muuza dawa katika mji wa Heppenheim. Hakudumu. Hadithi inayopendwa ni kwamba alilipua chumba chake huko juu akafukuzwa, lakini kuna wanaosema babake alishindwa tu kulipa ada. Mimi naamini hiyo ya pili, maana ndiyo inayotokea kwa watu wengi.

Na kwa sababu mimi pia niliacha chuo, acha niseme jambo mapema: hii si moja ya zile hadithi za acha shule utajirike. Liebig alirudi. Alienda chuo cha Bonn, kisha Erlangen, akimfuata profesa mmoja aitwaye Kastner aliyemuahidi kumfunza kupima madini. Shida ni kwamba Kastner mwenyewe hakujua kuyapima. Anza kufikiria ni walimu wangapi umepita mikononi mwao wa aina hiyo: wanaeleza vizuri ubaoni, lakini ukiwapa chupa na mizani wanakumbuka wana mkutano.

Mwaka wa 1822 Liebig alihusika na vurugu za wanafunzi Erlangen, ikabidi aondoke haraka. Bahati yake, mtawala wa Hesse alimpa pesa za kwenda Paris. Huko mtafiti mkubwa Alexander von Humboldt akamwona ana kitu, akamtambulisha kwa Gay-Lussac, mmoja wa wanakemia wakubwa wa Ufaransa, naye akamruhusu afanye kazi naye katika maabara yake mwenyewe. Wawili hao walisimama meza moja, wakichunguza zile zile chumvi za kulipuka alizochezea utotoni. Inasimuliwa kwamba walipopata jibu zuri, Gay-Lussac alimshika mkono wakacheza densi humo ndani. Ukishafunzwa hivyo, nadhani huwezi tena kurudi kwenye noti.

Mwaka wa 1824, akiwa na miaka 21, Liebig akateuliwa kuwa profesa katika chuo kidogo cha Giessen. Si maprofesa wenzake waliomtaka. Mtawala ndiye aliyemteua kwa neno la Humboldt, na wao hata hawakuulizwa. Unaweza kuwazia makaribisho. Alipoomba chuo kianzishe mafunzo ya maabara, walikataa. Kwao chuo kikuu kilikuwa mahali pa kulea maafisa wa serikali, na mambo ya kutengeneza dawa, sabuni na bia hayakuwahusu.

Akaanza hivyo hivyo. Alipewa nyumba ya walinzi katika kambi ya jeshi iliyoachwa, na vifaa vingine akanunua kwa mshahara wake. Hewa chafu haikuwa na pa kutokea, kwa hivyo kazi za moshi mbaya walizifanya nje barazani.

Ila angalia alichofanya ndani ya hicho kijumba. Mwanafunzi mgeni alipewa chupa zilizoandikwa herufi, akaambiwa atafute kilichomo. Akimaliza hizo, anaanza kupima kiasi cha kila kitu. Akishaweza hilo, anapewa kazi ya kutengeneza kitu fulani kutoka mwanzo. Mwishowe anapewa swali ambalo hakuna mtu duniani ana jibu lake, hata Liebig mwenyewe. Kila asubuhi kila mmoja alieleza alichofanya jana na anachopanga leo, Liebig anasema anakubali au anapinga, kisha njia ya kufika huko mwanafunzi anaitafuta mwenyewe. Walijifunza pia kwa kutazamana. Mfanyakazi wa maabara alilalamika kwamba jioni hawatoki, hana muda wa kufagia.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Wakati ule kujua kuna kaboni kiasi gani ndani ya sukari au dawa ilikuwa kazi ya mabingwa wachache, na iliwala muda mrefu. Mwaka wa 1831 Liebig alitoa kifaa cha kioo chenye vitufe vitano. Unachoma kitu chako, kaboni inatoka kama hewa ya kaboni dioksidi, hewa inapita kwenye vitufe vilivyojaa maji ya potashi na kunaswa humo. Unapima uzito wa kifaa kabla na baada, tofauti inakupa jibu. Basi. Mwanafunzi wa kawaida, si bingwa, sasa aliweza kufanya kazi ya kweli. Tukilia hapa kwetu kwamba maabara ni ghali, na kweli ni ghali, tukumbuke kwamba Liebig alianza kwa kurahisisha kifaa.

Serikali ilikuja kumjengea na kupanua maabara miaka ya 1830, wakati sifa zilikuwa zimeshaenea. Mamia ya vijana walipita hapo, wengine kutoka Uingereza na Marekani. August Wilhelm Hofmann alikuja kusoma sheria, Kekulé alikuja kuwa mchoraji wa majengo, Erlenmeyer alikuja kusomea udaktari. Wote watatu walihamia kemia. Huyo Erlenmeyer ndiye ile flaski ya koni ilipewa jina lake. Hofmann alienda London mwaka wa 1845 kuongoza chuo cha kemia, akafunza kwa mtindo ule ule, na mwaka wa 1856 mwanafunzi wake Perkin, mwenye miaka 18, akagundua rangi ya zambarau iliyoanzisha kiwanda kizima cha rangi za kutengenezwa.

Malaika hakuwa. Alikuwa na hasira, aligombana na watu kwa maandishi miaka nenda miaka rudi. Mbolea aliyoiuza miaka ya 1840 ilifeli, kwa sababu ilitengenezwa isiyeyuke na mimea ikashindwa kuila. Na jina lake limetugusa hata sisi kwa ubaya. Kampuni ya supu ya nyama iliyoanzishwa mwaka wa 1865 kwa jina lake ilikuja kujenga kiwanda Athi River miaka ya 1930, na serikali ya mkoloni ikaanza kuwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe wao kwa bei ya kutupa. Mwaka wa 1938 maelfu yao waliandamana mpaka Nairobi, na Muindi Mbingu, yule ambaye unapita kwenye barabara yake pale mjini, akahamishiwa Lamu. Serikali ikaachana na mpango huo. Liebig mwenyewe alikuwa kaburini miaka 65, lakini ng'ombe hawakujua hilo.

Mwaka wa 1852 alihamia Munich kwa sharti moja: asilazimishwe tena kuongoza wanafunzi maabarani. Alikuwa amechoka. Miaka 28 ya kusimama kando ya kila meza ilimmaliza, na hilo watu wanaodai walimu wa sayansi wafunze kwa vitendo, darasa la watu 60, huwa hawalisemi. Akabaki kutoa mihadhara mpaka alipofariki mwaka wa 1873.

Kwetu sekondari pevu sasa ina mkondo wa STEM, na ada zinalipwa. Zile chupa za herufi, Giessen zilikuwa kazi ya mwanafunzi mgeni. Uliza mdogo wako aliye shuleni aliziona lini mara ya kwanza, na kama ni yeye aliyezishika au ni mwalimu akiwa mbele ya darasa.