Félix d'Herelle: Aliyegundua virusi vinavyokula bakteria

MAABARA ya Afya ya Jamii iliyopo Wawi, Chake Chake kisiwani Pemba, ilifunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyefariki dunia mwaka 1993. Mahali kama hapo, ambapo kipindupindu si ugonjwa wa kusoma vitabuni tu, lipo jina jingine linalostahili kukumbukwa, nalo ni la Félix d'Herelle.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, Aprili 25, 1873, ingawa mwenyewe alipenda kujitambulisha kuwa mzaliwa wa Montreal, Kanada. Hakusomea udaktari. Kazi ya maabara alijifundisha mwenyewe, akaifanya Guatemala na Mexico, ambako alichunguza bakteria wanaoua nzige, kisha akajiunga na Taasisi ya Pasteur mjini Paris.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi waliokuwa karibu na Paris walishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. D'Herelle alichukua kinyesi cha wagonjwa, akakichuja kwa chujio la kaure ambalo bakteria hawawezi kulipenya, na maji yaliyopita akayatia kwa bakteria hai aliokuwa amewaotesha. Bakteria walitoweka. Palipokuwa na utando wao pakabaki madoa matupu.

Taarifa yake ilisomwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa Septemba 10, 1917. Kiumbe huyo asiyeonekana alimwita bakteriofaji, yaani mla bakteria. Mwingereza Frederick Twort alikuwa ameeleza jambo linalofanana na hilo mwaka 1915, na mabishano juu ya nani alitangulia yalimwandama d'Herelle kwa miaka mingi. Hata hivyo, ni yeye aliyetambua kuwa kila doa limeanzishwa na kirusi kimoja, hivyo virusi vinaweza kuhesabiwa.

Njia hiyo haijazeeka. Leo udongo wa shambani huchanganywa na maji, yakachujwa, yakamwagiwa bakteria waliooteshwa kwenye sahani. Doa moja huchotwa, virusi vyake vikazalishwa kwa wingi, ndipo jenomu yao husomwa herufi kwa herufi.

Mwaka 1919 alianza kutibu watoto wenye kuhara damu katika hospitali moja ya Paris, baada ya yeye na madaktari kuinywa dawa hiyo kwanza ili kuhakikisha haina madhara. Mwaka 1925, akiwa Misri, aliwadunga bakteriofaji wagonjwa wanne wa tauni, na wote walipona. Kutoka hapo alikwenda India kupambana na kipindupindu. Wapinzani wake walilalamika kuwa majaribio mengi hayakuwa na wagonjwa wa kulinganisha, na katika hilo walikuwa na hoja.

Baada ya kufundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikwenda Tbilisi, Georgia, kwa mwaliko wa rafiki yake George Eliava. Urafiki huo ulikatwa na siasa: mwaka 1937 utawala wa Stalin ulimuua Eliava, na d'Herelle, ambaye wakati huo alikuwa Ufaransa, hakurudi tena. Taasisi ya Tbilisi iliendelea kutibu kwa bakteriofaji, wakati nchi za Magharibi zilikimbilia penisilini.

D'Herelle alifariki dunia Paris Februari 22, 1949. Alipendekezwa mara nyingi kupewa Tuzo ya Nobel, asiipate. Usugu wa bakteria kwa dawa ndio uliowarudisha wataalamu kwenye maandiko yake.

Katika maabara yake ya Paris, miaka ya 1930, wasaidizi wake walitenga kirusi kidogo kilichoitwa phiX174. Mmoja wao alikuwa Nikolai Bulgakov, mdogo wa mwandishi wa Urusi, Mikhail Bulgakov. Mwaka 1977 Frederick Sanger na wenzake wa Cambridge waliisoma jenomu ya kirusi hicho yote, takriban herufi 5,400, na ikawa jenomu ya kwanza ya DNA kusomwa mwanzo hadi mwisho.